Uso Usio na Jina

Jumapili, 5 Januari

Kompyuta mpya imeikataa programu yangu ya picha. Katakata! Eti ni ya kizamani mno, haifunguki kwenye mashine hii. Picha zenyewe zimo kwenye diski — harusi ya dada yangu, meli zikiingia bandarini, na zaidi ya zote binti yetu Britta akiteleza thelujini kwa skii — lakini zimetapakaa kama nguo zilizomwagwa kitandani. Majina yamepotea, mpangilio umepotea. Na kocha wa Britta ameshaniomba nitengeneze onyesho la picha la kufunga msimu. Nami kwa kiherehere changu nikakubali.

Nimempigia Duane wa klabu yetu ya picha. Akacheka mpaka akakohoa. Anasema ziko tatu za kufikiria: ya kukodi kila mwezi, ya kununua mara moja, na ya bure, ambayo "itakuzeesha, Wendell, na wewe huna ujana wa kupoteza." Nizijaribu mwenyewe. Nisimsikilize mtu, hata yeye.

Jumanne, 7 Januari

Ya bure nimeitupa. Menyu ndani ya menyu, na ukibonyeza vibaya inajifunga bila kuaga.

Ya kukodi ni nzuri — nzuri mno! Theluji ya mashindano ya Biwabik niliyoipiga ikatoka samawati kama maji ya kufulia, nimeirudisha nyeupe kwa kusogeza alama moja tu. Nikamwita Corinne aje aone. Akaona. Kisha akauliza picha zenyewe zitakaa wapi. Nikamweleza: kwenye mashine zao, mtandaoni.

"Za Britta pia?"

"Zote."

"Basi hapana. Sura ya mtoto wangu haiendi kukaa kwa watu nisiowajua."

Mke wangu ni muuguzi wa miaka mingi. Akishasema hapana kwa sauti ile ya wodini, hakuna rufaa. Imebaki ya kununua mara moja. Kila kitu kinakaa humu humu nyumbani. Nimeipakua, nina siku kumi za majaribio.

Alhamisi, 9 Januari

Inasoma nyuso yenyewe! Inapita kwenye picha zote, inakusanya sura zinazofanana, halafu inakuuliza ni nani. Unaandika jina mara moja, inajaza kwingine kote. Nimecheka peke yangu: imemchanganya Duane na jirani yetu mwenye kipara, na hata gogo la mti limepewa kundi lake.

Nikafika kwa Britta. Miaka kumi na sita ya Britta, kuanzia yule kichanga wa wiki tatu tuliyekabidhiwa kwenye ofisi ya kuasili watoto St. Paul akiwa amelala fofofo, mpaka huyu wa sasa mwenye mabega ya mteleza theluji. Programu ikawa inaniuliza moja moja kama ni yeye. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.

Halafu ikaleta mwanamke mzima.

Amesimama nyuma ya kamba, kofia ya sufu ya kijani, nje kabisa ya shabaha yangu — nilikuwa nampiga Britta akimaliza. Ikauliza kama huyu ni Britta. Nikacheka tena, nikajibu hapana. Ikaleta nyingine. Kofia ile ile, mashindano mengine. Hapana. Nyingine — hapa hana kofia, upepo umemfunika nywele nusu ya uso. Hapana!

Nikaikuza picha. Kicheko kilikauka. Nyusi zile. Kishimo cha shavu la kushoto tu, kulia hakuna. Na ameuma mdomo wa chini, upande upande, kama Britta anavyouma akisubiri mlio wa kuanza.

Nimeizima kompyuta kwa kuchomoa waya.

Ijumaa, 10 Januari

Nimemwonyesha Corinne baada ya Britta kwenda mazoezini. Nilitegemea aulize ni nani. Mtu yeyote angeuliza.

Hakuuliza. Aliangalia kidogo tu, akageukia sinki, akasema, "Futa hizo."

"Kwa nini nifute?"

"Hazina maana. Watu wa nyuma tu."

Ameosha kikombe kilichokuwa kisafi.

Jumamosi, 11 Januari

Corinne amesema. Tulikuwa tunazoa theluji mlangoni, kila mtu na koleo lake, Britta kwa rafiki yake. Labda ni rahisi zaidi mikono ikiwa na kazi.

Msimu wa juzi, kwenye foleni ya choo pale Biwabik, yule mwanamke alimfuata. Hakujitambulisha; hakuhitaji, anasema Corinne, uso wake ulishamtambulisha. Aliomba kitu kimoja: asimame nyuma ya kamba, aangalie, aondoke. Asiseme neno kwa mtoto. Corinne akakubali. Wamekuwa wakiinamiana vichwa tangu hapo. Anaitwa Jolene. Anaishi Hibbing, anapika kwenye shule ya msingi.

Nikauliza kwa nini sikuambiwa. Mimi ni nani humu ndani, mpangaji?

"Ungekuja na kamera, Wendell. Ungetaka tukae mezani tuzungumze. Ungefanya la kwako, kwa nia njema, na yule mama angekimbia."

"Na Britta? Naye angekimbia?"

"Tulikubaliana asionane na mama mzazi mpaka afike miaka kumi na minane. Wewe mwenyewe ulisaini."

Ni kweli, nilisaini. Lakini niliposaini sikujua kwamba mwenzangu atakuwa upande mmoja wa siri na mimi upande wa pili, na mtoto katikati anateleza.

Jumapili, 12 Januari

Duane alipita kuchukua lenzi yake. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, programu inaweza kusahaulishwa uso?

"Unaweza kulificha kundi. Lakini kuficha si kufuta, bwana. Liko mle mle." Akanitazama. "Nani amekuudhi kiasi hicho?"

Nikamwambia ni kaka yangu. Sina kaka. Duane anajua.

Jumatatu, 13 Januari

Hatusemezani. Corinne amepika supu ya mchele wa porini, tumekunywa. Britta ametusimulia matatizo ya nta anayopaka chini ya skii zake, kidevu kikimwenda. Tuliitikia wote wawili kwa bidii ya ajabu.

Jumatano, 15 Januari

Nimerudi kutoka kazini kwenye mtambo wa maji nikamkuta Britta kwenye kompyuta. Kocha amewaambia kila mtu achague picha zake tatu za onyesho.

"Baba, programu yako hii iko vizuri," akasema bila kugeuka. "Inajua watu kuliko wewe."

Nikauliza amepata alizotaka. Amepata. Akafunga dirisha, akainuka, akanipita. Aliniwekea mkono begani kidogo. Si kawaida yake siku hizi.

Sikulificha lile kundi. Nilikuwa na siku tatu za kulificha na sikulificha. Sijui nilikuwa nangoja nini.

Alhamisi, 16 Januari

Nimefungua asubuhi kabla ya kazi. Safu ya nyuso: Britta, Corinne, Duane, kocha. Na mwisho wa safu, pale palipokuwa na alama ya kuuliza chini ya kofia ya kijani, pameandikwa jina.

"Yeye."

Basi. Herufi nne. Si Corinne — Corinne hajui hata programu inafungukia wapi. Na si mimi.

Aliyeandika amefanya zaidi ya kuandika. Kundi limekua. Zimeongezwa picha ambazo programu haikuzikamata yenyewe: mgongo, ukingo wa koti, mkono wenye glovu ukishika kamba. Kuna mtu amezipitia picha zote moja moja, akamtafuta.

Nimempigia Corinne wodini. Sijawahi kumpigia wodini. Vyombo vilikuwa vikigongana nyuma yake. Akasema, "Mungu wangu." Halafu: muda wa majaribio unaisha kesho, si ndiyo? Uache ufe. Chukua ile ya kukodi, tuanze upya, nyuso zote zitapotea.

"Juzi uliikataa kwa sababu ya Britta."

"Najua nilichosema!"

Nikamwambia zitapotea kwenye mashine. Kwa Britta hazitapotea.

Nilisikia mtu akimwita, akakata.

Ijumaa, 17 Januari

Nimeinunua. Sikumuuliza mtu. Programu ilileta tangazo lake kwamba leo ndiyo mwisho, nisiponunua majina yote yatafutwa. Niliona neno lile la Britta likifutwa na mashine kwa sababu baba yake aliogopa. Nikalipa.

Corinne nimemwambia mezani, kabla Britta hajaketi. Akatikisa kichwa. Kisha akanishika kidole kimoja, kidole tu, akakishikilia.

Britta akaja. Akaomba chumvi. Akala viazi viwili, mlo wa kabla ya mashindano, akijua sisi tunamtazama na sisi tukijua anajua. Mwisho akauliza:

"Kesho mnakuja wote wawili?"

"Tunakuja kila mara," Corinne akasema.

"Nimeuliza kesho."

Tukasema ndiyo.

Jumamosi, 18 Januari

Biwabik. Naandika nikiwa kwenye gari, injini inaunguruma, wino unagoma kwa baridi.

Alikuwepo. Pale pale kwenye kamba, karibu na mstari wa mwisho. Nilikuwa sijawahi kumwona kwa macho yangu, bila kioo katikati. Ni mfupi. Corinne alimwinamia kichwa kama desturi yao, naye akainama, kisha akaniona mimi namtazama, akarudi nyuma hatua. Nilitaka kumwambia asiondoke.

Britta alimaliza wa nne. Alianguka chini kama wanavyoanguka wote, akalala kwenye theluji, kifua kinapanda na kushuka. Tuko hapa, Corinne akaita, na blanketi mkononi. Britta akainuka. Akafungua skii. Akatutazama — nitaapa kwamba alitutazama kwanza sisi — halafu akageuka akatembea kando ya kamba, polepole, mpaka kwa yule mwanamke.

Jolene alianza kuondoka. Alikuwa ameahidi! Alimgeukia Corinne, mikono hewani, kama mtu aliyekamatwa, akitikisa kichwa kwamba si yeye aliyeanza. Na Corinne, mke wangu wa sauti ya wodini, akampungia mkono: kaa. Kaa hapo.

Sikusikia walichosema. Britta ndiye aliyesema, kidogo tu. Kisha wakaingia pamoja kwenye nyumba ya mapumziko wanapouza kahawa. Mlangoni Britta akaniita: jasho linamgandia, nimletee jaketi kavu kutoka garini.

Basi nipo garini. Jaketi liko mapajani. Ningeshalipeleka, lakini nimekaa naandika. Kupitia dirisha lao lenye ukungu naona vichwa viwili mezani, sioni nani ni nani.

Corinne anakuja, anakimbia kwenye barafu na viatu vile visivyofaa. Anagonga kioo. Nashusha.

Analia, au ni upepo.

"Anasema ulete mawili," amesema. "Yule mama anatetemeka. Britta anasema ulete mawili, na moja liwe lako."