Mpishi Aliyenyimwa Maneno

Jumatano, 11 Juni 2025

Watson kanipa! Filamu mpya ya kutisha, ya mambo ya anga. Jumamosi mchana, kwenye banda lake la video, naitafsiri mimi Ferista. Si Brayan, mtafsiri mwenzangu! Brayan kanuna palepale. Eti sauti ya mwanamke haitishi. Nikamwambia hajamsikia mama yangu akifukuza mbuzi shambani. Watu wakacheka, yeye hakucheka.

Nimeiangalia kwenye simu, blanketi hadi puani – baridi ya Tunduma mwezi huu haina adabu. Chombo kinabeba barafu kutoka mwezi wa mbali. Ndani ya barafu kuna kitu kinaishi. Barafu inayeyuka, wanakunywa. WANAKUNYWA BILA KUCHEMSHA! Maprofesa wazima! Hata kwetu Nanyala mtoto anajua. Huo udhaifu siwezi kuuficha kwa tafsiri yoyote.

Lakini mwanzo wake... jamani. Hawakuonyeshi kitu. Tone la maji linapanda ukutani badala ya kushuka. Basi. Nilipandisha miguu kitandani.

Alhamisi, 12 Juni

Baba mkwe kateremka kutoka Ileje. Macho yanamsumbua, atakaa kwetu akitibiwa. Jina lake silitaji hata humu. Kwao mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, wala hasemi mbele yake. Nikisikia anakohoa sebuleni, napita mlango wa uani. Chakula napika mimi, anapeleka mume wangu Lusubilo. Sawa. Niliolewa nikijua, na heshima ni heshima.

Ila leo Lusubilo, mume wangu huyuhuyu, kaja na jipya. Jumamosi nisiende bandani. Spika ya Watson inafika hadi kwetu, mzee atanisikia. Nikamuuliza, mzee anaumwa macho au masikio? Halafu eti nimwachie Brayan, mara hii moja tu.

Mara hii moja! Nikikiachia kipaza sauti leo sikipati tena, na yeye anajua. Nimelia jikoni. Kwa hasira, si kwa huzuni.

Ijumaa, 13 Juni

Nimerudia nusu ya pili. Ndipo inapoharibika. Wanalionyesha lile dude zima, taa zote zinawaka – kuku aliyenyonyolewa! Hofu kwisha. Nilicheka peke yangu.

Na kuna mpishi wa chombo, mwanamke. Ndiye wa kwanza kuona kwamba maji yana jambo. Anajificha stoo. Filamu nzima hapewi neno hata moja, anapiga yowe tu mwishoni, wanaume wanakuja kumwokoa. Aliyeiandika alisinzia hapo. Lakini macho ya yule dada! Anaona, anajua, anaogopa, na bado anafikiri. Uzuri wote wa filamu uko stoo na wenyewe hawajui.

Nitampa maneno mimi. Palepale kwenye yowe. Brayan kasikia, kauliza kama natafsiri au nahubiri. Vyote viwili, kaka!

Nimemwambia Lusubilo nitakaa nyuma ya pazia. Nyuma ya pazia si mbele ya mzee. Kasema mila haichezewi hivyo. Nikamjibu basi hiyo mila ije bandani initoe yenyewe. Amelala kanipa mgongo.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nyuma ya pazia, kwa tochi ya simu. Umeme umekatika! Filamu imekwama katikati, Watson anahangaika na jenereta. Banda limejaa hadi mlangoni. Wazambia wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wanapiga benchi, mukwai, mukwai, tafadhali, washeni!

Ilikuwa inakwenda vizuri mno. Tone lilipopanda ukutani nilinong'ona, sikubweka kama Brayan. Mama mmoja akamwita Yesu. Walipofika kwenye kunywa maji nikanyamaza kabisa, banda zima likapiga kelele, chemsheni! Mpishi akaingia stoo, nikaeleza anavyobana pumzi. Hapo ndipo giza.

Watson akaja anahema. Eti kuna mzee wa Ileje benchi la mbele. Kasema huyo anayesema huku nyuma ni mkamwana wake.

Nimechungulia kidogo, nikaona viatu tu, nikarudi. Watson anasema mzee kajifunika koti kichwani, tangu mwanzo, asije akaniona. Kaja kwa miguu yake, Lusubilo kamshika mkono. Brayan naye keshafika hapa pembeni yangu. Eti dada nipe kipaza, usijiletee laana bure.

Naogopa. Nimeandika. Naogopa na sitoki!

Nimemtuma Watson amwambie mzee kwa adabu zote kwamba nje kuna kiti, kuna jua, akapumzike. Karudi sasa hivi. Mzee hataki kiti. Kapitisha neno kwa Lusubilo: anauliza, yule mpishi kule stoo, kafa au yu hai? Na kama yu hai, kwa nini hasemi?

Sijui ni ukali au ni nini. Nimemuuliza Watson mzee alionekanaje. Watson kasema angejuaje, na koti liko kichwani?

Jenereta limewaka. Picha imerudi, mpishi yuleyule, mdomo unaanza kufunguka. Brayan kanyoosha mkono kwenye kipaza.

Anyooshe tu.