Mkebe Uliozikwa Nao

Odhis, ndugu yangu,

Leo nimetoka hospitalini Asembo Bay, na mara hii sikupita kwenu. Nimepita njia ya chini, ya ufuoni, kusudi Mama asinione. Ungekuwepo ungenicheka: Rajabu mtu mzima anamkimbia mama wa watu aliyempikia samaki miaka yote hii. Lakini angeniuliza kazi inaendeleaje, nami sijui kumdanganya yule mama. Basi nimekimbia.

Kazi imekufa, Odhis. Naanzia hapo hapo kwa sababu hukupenda mtu anayezunguka. Ile programu yetu ya hospitali, ya wagonjwa wa kifua kikuu, inazimwa mwaka huu ukiisha. Haiujui mwaka elfu mbili. Tuliiandikia miaka kwa tarakimu mbili za mwisho tu, kama walivyofanya wengi, nafasi ilikuwa finyu, na wewe ukasema, "Elfu mbili? Nani atakuwa bado anatumia hii takataka yetu?" Tukacheka. Sasa wanaitumia. Wewe ndiye usiyekuwepo.

Niliijaribu. Nilisogeza saa ya mashine mbele hadi Januari, nikaiwasha upya. Ikamsalimia Sista Wilfrida, muuguzi wetu, kama kawaida yake, halafu pale inapoandika majina ya waliokosa kuja kuchukua dawa, ikaandika: Hakuna wa kufuatwa leo. Sista akafurahi, akadhani ni heri. Nilipomweleza kuwa ni hesabu ya miaka iliyovurugika, furaha ikamwisha. Ni yeye anayepanda baiskeli kuwatafuta watu hao, na anajua vizuri mgonjwa wa kifua akiacha dawa katikati kinachofuata ni nini.

Nikajaribu ujanja mwingine, nikairudisha saa nyuma miaka mingi. Ikagoma. Uliiandika isikubali tarehe iliyokwisha kupita, tangu yule karani alipochezea saa ili asionekane amechelewa na kazi. Ulifunga kila mlango, bwana wewe. Hata mimi umenifungia nje.

Ingekuwa kazi ndogo kuirekebisha kama ningekuwa na mkebe. Unaikumbuka sheria yetu. Diski zote zenye maandishi ya programu, yale tuliyoyatunga wenyewe, zilikaa kwenye ule mkebe wa kakao. Mwenye mkebe ndiye anayeruhusiwa kugusa. Asiye nao anakaa anakunywa chai, asije akabadilisha hapa na mwenzake akabadilisha pale, tukaharibu vyote. Kwenye mashine ya hospitali tuliacha chakula kilichoiva tu. Mapishi tuliondoka nayo, kwa kuwa diski yake ilikuwa ndogo na wewe hukumwamini mtu. Malaria ilipokupanda kichwani, mkebe ulikuwa zamu yako.

Nilikuja kwenye mazishi. Nililia mpaka wajomba zako wakanishika mkono. Mkebe haukunijia akilini hata kidogo, na hata ungenijia, ningejuaje? Kwetu sisi Waislamu wa Kaloleni mtu anazikwa na sanda yake, basi. Watu walipokwisha kutawanyika ndipo nilimwendea Mama, nikamuuliza kwa adabu kama ameuona.

Uso wake uliangaza, Odhis. Mara ya kwanza tangu ufe.

"Hiyo mkebe nilimwekea ndani," akaniambia, "karibu na mkono yake. Hakuwanga analala bila hiyo. Sasa hawezi kuja kusumbuka akiitafuta."

Nikamwambia, "Asante, Mama. Umefanya vizuri." Nikanywa uji alionipa, nikaumaliza wote. Wewe ungesema nini? Nimejiuliza mara nyingi, na kila mara nakuona unameza uji huo huo.

Msimamizi wa hospitali, yule anayekaa Milimani kwa matajiri, nilifanya kosa la kumweleza ukweli ulivyo. Akaniambia, "Bwana Rajabu, ongea na hiyo familia. Si ni mkebe tu?" Mkebe tu! Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Kaburi lifunguliwe kwa ajili ya diski, na Mama asimame pale akitazama? Na tukishafungua tutapata nini? Udongo wa kwenu ule mweusi unashika maji hata kiangazi. Diski zetu ziliota ukungu zikiwa kabatini, sembuse huko.

Nimejaribu kuiandika upya. Nikuambie kweli, nimeshindwa. Sehemu zangu nilizikumbuka, zilikuwa rahisi. Iliyonishinda ni yako, ya wavuvi. Wanahama ufuo kufuata samaki, mwezi huu wako kwenu, mwezi ujao ng'ambo ya ghuba, na wewe ulipata namna ya kuifanya mashine ikisie mtu yuko ufuo gani kabla Sista hajapanda baiskeli. Ulikulia humo, ulijua hata nani akihama anamfuata shemeji yake. Mimi mtoto wa mjini nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Yangu inamtuma Sista nyumbani kwa mtu ambako kuna mke na kuku peke yao. Msimamizi alisubiri, akachoka. Januari wanarudi kwenye kadi za karatasi, na kadi haimwambii mtu yeyote nani hakuja.

Watakufa watu, Odhis. Sijui nani, lakini najua fuo zao. Sina dawa ya jambo hili na nimeacha kujifanya ninayo.

Siku hizi natengeneza printa mjini. Na kuna hii intaneti, ulikufa tukiwa bado tunaisoma magazetini tu. Wenye hoteli wanataka kurasa zenye picha zao. Unaifungua, picha inashuka polepole kama pazia, umeme ukikatika inaishia nusu ya paa. Vijana wanashangilia. Nawatengenezea hizo kurasa. Mkono unafanya, mimi mwenyewe sipo. Juzi nilikumbuka tulivyojifunza kuchapa kwenye kibodi ya kadibodi, kwa kuwa kompyuta ya chuo ilikuwa moja na ufunguo wa chumba alikuwa nao mkuu wa chuo. Kila ukibonyeza herufi ya kuchora ulitoa mlio kwa mdomo, tik, tik, mpaka mwalimu akakutoa nje. Nilicheka peke yangu dukani, halafu kicheko kikageuka kitu kingine, ikabidi nijifanye natafuta skrubu chini ya meza.

Sasa nikuambie hasa lililonipitisha njia ya ufuoni leo. Ni ile salamu yako. Nilikuambia uiondoe, nilisema programu ya hospitali haipaswi kuwa na utani, ukaiacha kwa ukaidi wako. Basi kila asubuhi Sista anawasha mashine, na kioo kinamwamkia kwa Kijaluo: Oyawore, Sista. Chai kwanza. Na Sista anaijibu. Kwa sauti, mbele ya wagonjwa, "Oyawore ahinya, Odhis," kama umeingia mlangoni. Anaijibu hivyo tangu tulipokuzika. Leo nimemsikia kwa masikio yangu, nikashindwa kubaki mle chumbani.

Nikiizima mashine ile, ndio mwisho wa wewe kumwambia mtu kitu.

Nakuahidi Mama hatajua. Nitarudi kwake, nitapita njia ya juu, nitampelekea sukari na majani, na akiniuliza kazi nitasema inaendelea. Nitajifunza kudanganya, hata kama ni kwa yeye peke yake. Na siku ya kuizima sitamwachia fundi mgeni aje kuchomoa waya. Sista ameniomba asiwepo, amesema moyo wake hauwezi. Kwa hiyo nitakwenda mimi asubuhi, niiwashe, nisubiri uandike salamu yako. Nitaitika mimi, kwa Kijaluo changu kibovu ulichokuwa ukikicheka. Kisha nitaizima.

Kwa heri, Odhis. Lala salama, hakuna wa kukusumbua. Mkebe bado ni zamu yako. Mimi nimekaa, nakunywa chai.

Wako,
Rajabu