Kuku wa Celina waliodungwa maji

Edvina, dada yangu Celina amerudi sasa hivi kutoka maabara kule Muleba. Hataki hata kuvua viatu.

Unakumbuka wale kuku wa kujaribia chanjo ya DNA, ya mafua ya ndege? Nusu aliwadunga chanjo, nusu maji ya chumvi tu. Kisha wote wakapewa virusi.

Leo asubuhi kafungua mlango. Upande wa chanjo kelele kama kawaida. Upande wa pili kimya. Kimya kabisa, Edvina. Alibaki tetea mmoja, akajikokota hadi kwenye buti la Celina, akalaza kichwa pale, akafa.

Bosi wake, Daktari Kahangwa, anamwambia, "Chanjo imefanya kazi. Furahi."

"Na hawa wazima?"

"Nao tunawachinja leo. Lazima tupime mapafu yao."

Celina kawachinja mwenyewe. Anasema walimkimbilia wakidhani analeta chakula.

Sasa jirani yetu mama Bernadina, yule aliyefiwa na kuku wote, kaja kuuliza, "Dawa imefaa?"

Celina kamjibu, "Niliowachanja hakuugua hata mmoja."

"Basi niletee mmoja wa hao, nianze naye kufuga."

Bado amesimama mlangoni, anasubiri jibu.