Raya, Safari Njema, Siji Kuwaaga

Raya, mkwe wangu,

Wali na samaki vimo kabatini. Watoto wale kabla hamjatoka. Masweta yao nimeyatia kwenye begi jekundu.

Asubuhi mumeo Sufiani alinisomea barua ya kibali. Huko shamba Denmaki alikopata kazi ya ng'ombe, kibali ni cha mke na watoto tu. Mama hamo. Nikacheka, mwanangu asije akalia mbele yangu. Mara Naila akauliza, "Bibi, huko nani atanisuka?"

~~Nitawasindikiza hadi uwanja wa ndege.~~ Siji. Nimekwenda Mapinga kwa dada. Sufiani asinifuate.

Kichwa cha Naila chepesi kuuma, umsuke taratibu.

Mkifika, msinipigie siku hiyohiyo. Niacheni nilie kwanza.

Mama Mkwe