Baba, Usirudishe Ng'ombe

Bariadi,
9 Agosti 2003

Kwa baba yangu mpendwa, mzee Shigela,

Shikamoo baba. Mwangaluka na huko Meatu mlikohamishia ng'ombe. Natumaini barua hii itawakuta mhola, salama, wewe na kaka Mayala ambaye ndiye atakusomea. Goti lako linaendeleaje na baridi ya asubuhi? Huku tu wazima, ila bibi wa Sola bado hajaweza kutembea. Mama alikaa kumuuguza tangu Mei, akarudi Juni mwishoni. Pamba tumeshavuna. Wanunuzi mwaka huu ni wengi, kila mmoja na mizani yake, na watu wanasema kila mizani ina tumbo lake.

Kaka Mayala, nakuomba usome polepole, usiruke kitu hata ukiona aibu kwa ajili yangu. Kama kuna wageni hapo, ngoja waondoke kwanza.

Baba, Mayige aliyetoka huko ametuletea salamu zako kwamba mwisho wa mwezi mnarudisha ng'ombe, kwa kuwa ngitili yetu itakuwa imefunguliwa na majani yapo. Ndiyo maana naandika. Majani hayapo. Ngitili yenyewe haipo. Eneo ulilolifunga kila masika tangu sijazaliwa, ukifukuza hata mbuzi wa jirani, ili kiangazi ndama na ng'ombe wagonjwa wapate pa kuponea, sasa ni visiki na majivu.

Ilianza na madarasa. Halmashauri inajenga mawili shuleni, na siku hizi haijengi kwa mafundi wake kama zamani. Inatangaza zabuni, mwenye matofali apeleke. Baba mdogo Luhende, ambaye tangu ushirika ufe alikuwa anakaa tu na funguo za ghala tupu, akasema na yeye sasa ni mfanyabiashara. Karatasi ya masharti ilikuwa ya Kiingereza, akaniita nimsomee. Akawaambia wenzake kwamba Kiingereza hiki kimekula ng'ombe wawili wa kaka yake kwa ada ya shule, leo nacho kikamuliwe. Wakacheka. Nilisoma nikiangalia chini, lakini moyoni nilifurahi, sitakuficha. Nilikuwa sijawahi kuulizwa kitu na watu wazima.

Nilisoma sawasawa. Sharti la saba lilisema halmashauri haitapokea matofali yaliyochomwa kwa miti ya asili. Kuni ziwe za miti ya kupandwa, na mwenye miti atoe barua ya kukubali, yenye sahihi au dole, mtendaji wa kijiji aigonge muhuri. Baba mdogo aliniomba nilirudie. Kisha akasema sharti ni zuri sana, ila aliyeliandika hajui kwamba hapa kwetu hakuna mkaratusi hata mmoja wa kuchomea andazi.

Wiki iliyofuata mikokoteni ikaingia ngitilini. Walikata migunga yote, na ule mkwaju ambao wewe ulikuwa unapumzika chini yake ukichunga wakaukata siku ya mwisho, maana kuni zilipungua. Ng'ombe wa mikokoteni wakala majani, yaliyobaki yakakanyagwa. Tanuru liliwaka siku tatu, moshi ukaingia mpaka kwenye uji.

Kabla ya kupokea matofali alikuja mama mmoja wa halmashauri, anaitwa Wilhelmina. Aliomba kuonyeshwa miti ya kupandwa. Baba mdogo akasema iko mbali, ng'ambo ya mto. Yule mama akanigeukia mimi, akaniuliza kwa upole baba yako amepanda miti mingapi. Nikatazama vidole vya miguu yangu. Baba mdogo akasema huyu ana haya, hata jogoo akimwangalia anajificha. Mama yule akacheka, akaandika kitu, akapanda gari. Haya yangu ilimsaidia baba mdogo kuliko muhuri.

Mama aliporudi kutoka Sola alikwenda kwa baba mdogo akilia. Akaonyeshwa nakala ya barua ya kuni yenye dole lako. Aliitazama, akarudi nyumbani. Anaamini uliruhusu bila kumwambia. Tangu siku hiyo hajakutaja kwa jina. Na shuleni mwalimu mkuu alikutaja mstarini, mzee Shigela aliyetoa kuni za miti aliyoipanda kwa mikono yake. Wanafunzi wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Wewe unajua hukuweka dole. Labda umeshaanza kumlaani baba mdogo. Ngoja kwanza, baba. Barua ile niliandika mimi. Mikaratusi mia mbili niliitaja mimi, yeye alitaka hamsini. Alitaka kuweka dole lake, akakumbuka kwamba mtendaji analijua kovu la kidoleni alilopewa na mashine ya pamba. Akanisogezea wino. Hakunishika mkono. Nilibonyeza mwenyewe, na dole lile ni langu.

Sina ng'ombe wa kukulipa na sijui msamaha wa jambo hili unaombwaje. Ninachokuomba ni usirudishe ng'ombe. Bakini huko huko kwenye maji mpaka mvua, maana mkifika hapa ndama watakufa mlangoni kwako.

Mama hajui kwamba naandika. Nitamwambia leo jioni, kabla sijaogopa tena. Msalimie mzee aliyewapokea, na ng'ombe wetu mweupe kama bado mzima.

Barua hii ukitaka ipeleke halmashauri. Kaka asiikunje hapo chini, nimetumia masizi ya sufuria na yanafutika upesi. Waliweke dole hili karibu na lile la barua ya kuni, walitazame vizuri.

Mimi mwanao,
Milembe

(dole gumba la kulia)