Diski za Ihumwa

Mdogo wangu Daudi,

Huku Dodoma tu wazima, na zabibu zimeiva.

Tajiri aliyeinunua kampuni yetu ameiondoa ile programu ya zamani ya kompyuta. Aliyeitengeneza mpya ni Yasinta, binti yangu. Meneja anamwita mama kwa heshima, nami nimesimama palepale. Sasa hesabu za ghala la Ihumwa zinakuja kwa waya wa simu. Zamani zilikuwa kwenye diski, na tarishi wa kuzileta kwa baiskeli nilikuwa mimi, wala mvua haikuwahi kuloanisha hata moja.

Kwa hiyo sina kazi. Yasinta nimemwambia niliomba mwenyewe kupumzika, usije ukaropoka. Akauliza, "Kweli, baba?" Nikamjibu baiskeli imechoka.

Baiskeli ni nzima. Jumapili nakuja nayo huko kwako Haneti.

Kaka yako, baba wa Yasinta wa kompyuta.