Hisabati Siku ya Soko

Jumatatu, 6 Machi
Mstarini, kukagua kucha, kufukuza wachelewaji. Kisha ofisini nakuta ratiba mpya ukutani. Mwalimu Mkuu mpya, Kaaya, ameipanga peke yake. Vipindi virefu vya Hisabati vya darasa langu la saba ameviweka Jumatano. Jumatano! Siku ya soko, nusu ya watoto wako na mama zao wanabeba ndizi. Mkuu wa zamani, kabla hajahamishiwa Kikatiti, alituachia walimu tupange wenyewe. Ndiyo maana tuliviweka Jumatatu, mbali na soko. Huyu hakuuliza mtu. Chai imenishinda.

Jumatano, 8 Machi
Nimefundisha hesabu za sehemu kwa madawati matupu. Kaaya kapita dirishani, kaniona na chaki mkononi, karidhika. Mtihani wa kumaliza shule ni mwaka huu. Watafeli, na lawama zitakuwa zangu.

Alhamisi, 9 Machi
Nimemfuata ofisini. Nimemwamkia vizuri, nikamweleza habari za soko. Hata kalamu hakuiweka chini.
"Mwalimu Anaeli, umeajiriwa kufundisha. Kupanga niachie mimi."
Miaka yote hii mlimani huku, naambiwa hivyo na mtu wa juzi. Sawa. Nitafundisha. Kengele ikilia naondoka. Na masomo ya Jumamosi, ambayo nayatoa bure kwa hiari yangu, basi.

Jumamosi, 11 Machi
Nimeshinda nyumbani, nimefua hadi mapazia. Mume wangu anauliza kama naumwa. Jioni mama mmoja kanisimamisha njiani: wanae walikaa barazani shuleni mpaka mchana wakinisubiri. Sikuwa nimewaaga. Hasira zangu kwa Kaaya, nimezimwaga kwao. Najichukia.

Jumanne, 14 Machi
Si mimi peke yangu. Saa nane ikigonga, ofisi tupu. Bustani imekauka, kwaya imekufa. Shemeji anasema shule mpya ya binafsi kule Sokon One inatafuta walimu. Siku hizi zinaota kama uyoga. Nimeandika maombi. Mwenye kutaka roboti atafute roboti.

Ijumaa, 17 Machi
Kikao. Kaaya kauliza nani atashika masomo ya Jumamosi. Kauliza tena. Wote tunatazama sakafu. Nilitegemea angefoka. Akabandua ratiba yake, akaiweka mezani.
"Basi pangeni ninyi."
Sikufurahi. Hakuomba radhi, na bado nina kinyongo naye. Lakini tumepanga mpaka jua likazama, na hakuna aliyeulizia kengele. Hisabati tumeirudisha Jumatatu. Maombi ya Sokon One nimeyachana.

Jumamosi, 18 Machi
Nimefika mapema. Nimefungua darasa, nimefuta ubao. Wamekuja watoto watatu tu. Nimengoja kidogo, nikatazama njia. Hakuna mwingine. Tumeanza.